Damu ya Mzee: Rangi Mbali au Wekundu Uliokomaa?

Aghalabu watunga kamusi za lugha mbili huliwekea tamko damu ya mzee jina moja la rangi la Kizungu, wakaliacha papo hapo. Wengine hulisogeza hadi zambarau. Ufafanuzi wa namna hii unapotosha, na matumizi ya mwambao wa kusini, mathalani pale Ukunda, yatosha kuonyesha kwa nini.

Yafaa ikumbukwe kuwa Kiswahili kina vivumishi halisi vitatu tu vya rangi: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyinginezo huazima majina ya vitu, kama vile majani, kahawa na zambarau. Utatu huo haumo katika sarufi peke yake. Vitambaa vya pepo katika uganga wa Kidigo navyo ni vyeupe, vyeusi na vyekundu. Kwa umbo, damu ya mzee imo katika kundi la maazimo. Kwa maana, haijatoka ndani ya -ekundu. Mnunuzi wa leso anayesema, “Si nyekundu hii, nataka damu ya mzee,” hadai rangi ya nne. Anachagua kina cha wekundu.

Kinyume chake si nyeupe wala nyeusi, bali ni nyekundu pyu, wekundu unaowaka. Bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyopepea mwambaoni hadi Desemba 1963, ilikuwa ya wekundu huo, na neno bendera likawa pia jina la kitambaa chekundu. Damu ya mzee ni wekundu ulioiva ukatulia. Wala Waswahili hawakusema damu kuukuu: umri umepewa mtu, si damu. Ndipo tamko hili likawa na heshima ambayo jina la Kizungu halina hata chembe.

Siku hizi maduka na sweta za shule zimeingiza maruni. Kukopa si dhambi (leso yenyewe ni neno la Kireno), ila maruni hutaja rangi moja iliyojitenga, na mwanafunzi aliyeizoea haoni tena uhusiano wake na -ekundu. Mahali pa damu ya mzee katika kamusi ni chini ya -ekundu, mkabala na pyu. Kuiweka peke yake chini ya damu, baina ya maradhi na ukoo, ni kumpoteza msomaji.