Kipande kilichofutika na mama anayelaumiwa

Mwaka 1995 jarida la American Journal of Human Genetics lilichapa makala fupi ya Richard Spritz na wenzake, akiwemo Jeff Luande, kuhusu jeni ya OCA2 kwa Watanzania wenye ualbino. Ni kurasa nne tu, na kwa sayansi ni kazi safi kabisa. Walikuta kwamba nakala mbovu za jeni hiyo, takribani 77%, zina kosa lile lile moja: kipande cha herufi 2,700 hivi za DNA kimefutika. Kosa hilo limeonekana pia Afrika Kusini na kwa Wamarekani weusi, yaani chanzo chake ni babu (au bibi) mmoja wa zamani sana.

Linganisha na epidemolisisi bulosa, ugonjwa wa kurithi ambao ngozi ya mtoto hubabuka na kutoa malengelenge kwa msuguano mdogo tu. Jeni zinazohusika huko ni zaidi ya kumi, na familia nyingi zina kosa lao wenyewe. Kupima ni kusoma jeni nzima nzima, na gharama yake si ya mchezo. Kwa ualbino wetu, kipande kimoja kinachojulikana unakitafuta kwa PCR, teknolojia ile ile ambayo maabara za SUA hapa Morogoro hutumia kwa magonjwa ya mifugo.

Sasa lawama yangu, na inatuhusu sisi tunaoinukuu ile 77% kwenye semina kama bao la ushindi. Hebu tuifuate hadi nyumbani kwa watu. Makadirio yanayotajwa sana ni mtu 1 mwenye ualbino kati ya 1,400. Ukipiga hesabu ya Hardy na Weinberg, mtu 1 kati ya 19 hivi anabeba nakala moja mbovu bila kujijua. (Sensa ya 2012 ilihesabu watu 16,477, kama 1 kati ya 2,700. Wapo waliofichwa na wapo waliokufa mapema kwa saratani ya ngozi, lakini pia huenda yale makadirio yako juu.) Haya, mtu apimwe, kipande kikutwe kizima. Bado uwezekano wa kuwa mbebaji ni kama 1 kati ya 80, maana 23% ya makosa kipimo hicho hakiyaoni. "Huna" na "hatujaona" ni majibu mawili tofauti.

Panda sasa Uluguru. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na mtu haoi ndani ya ukoo wake. Dodoso la nasaba lililotungwa kwa kufuata majina ya baba litapotea njia huko. Na mtoto mwenye ualbino akizaliwa, sehemu nyingi za nchi hii maneno huanza kwa mama: kazaa na mzungu, kaletewa mzimu. Kibiolojia mtoto huyo amepokea nakala mbovu mbili, moja kwa kila mzazi. Nakala ya baba haibebi jina la ukoo, ila ipo. Kulieleza hilo kwa wakwe hakuhitaji mashine yoyote.

Kupima wabebaji ovyo ovyo sikuungi mkono. Jibu likivuja, linakuwa sababu ya kukataa posa. Halafu kuna suala la shilingi: mtoto mwenye ualbino kwa kawaida hutambulika kwa macho, anachohitaji ni kofia, mikono mirefu na mafuta ya kuzuia jua kama Kilisun ya kule KCMC, Moshi. Nikilazimishwa kuchagua kimoja, nachagua mafuta.

Penye maana ni pale dada wa mtoto huyo, anayetaka kuolewa, anapouliza mwenyewe. Hapo unaanza na mtoto, si na dada. Kwa watoto 6 kati ya 10 hivi, nakala zote mbili zitakuwa na kipande kile kile kilichofutika. Kwa familia hiyo, dada akiambiwa "huna", basi kweli hana.