Taazia Bungeni: Maneno ya Kuaga na Maneno ya Marehemu

1. Utangulizi

Maombolezo katika Kiswahili yamezoeleka kutafutwa katika mashairi, katika nyimbo za matanga na katika mawaidha ya misikitini na makanisani. Ipo hata hivyo aina moja ya maombolezo ambayo husemwa hadharani, hunakiliwa neno kwa neno, huchapishwa na kuhifadhiwa na dola, lakini wahakiki huipita kando kana kwamba si kazi ya lugha. Hiyo ni taazia ya Bunge, yaani maneno yanayotamkwa na Spika, mawaziri na wabunge pindi mwenzao, au kiongozi mwingine wa taifa, anapofariki dunia.

Makala haya yanaichunguza taazia hiyo hasa katika Bunge la Tanzania, ambako Kiswahili ndicho lugha ya majadiliano na ambako, kwa hiyo, desturi hii imepata umbo lake kamili. Kipimo kinachotumika ni kimoja: je, taazia inamwacha marehemu aendelee kusema, au inamnyamazisha mara ya pili?

2. Umbo la taazia

Umbo lake ni rahisi kulitambua. Spika husimama, hutaja jina la marehemu, jimbo lake, siku aliyofariki na mahali, kisha huwaomba wabunge wasimame kimya kwa dakika moja. Katika Taarifa Rasmi ya majadiliano tendo hilo huandikwa ndani ya mabano, kama yanavyoandikwa makofi na vicheko. Baada ya hapo maneno ya kuomboleza husambaa katika hotuba nyingine. Waziri anayewasilisha makadirio ya wizara yake huanza kwa kumshukuru Mungu, huwapongeza viongozi, huwapa pole wafiwa, ndipo huingia katika hesabu zake. Mbunge anayechangia hupita njia hiyo hiyo, japo dakika alizopewa ni chache.

Msamiati nao umekwisha kukaa. Marehemu alikuwa mchapakazi, mcheshi, mpenda watu, mtetezi wa wanyonge. Kifo chake ni pigo kubwa. Ameacha pengo lisilozibika. Mwenyezi Mungu ailaze roho yake mahali pema peponi. Sifa hizi huweza kuhamishwa kutoka kwa marehemu mmoja hadi mwingine bila kubadili hata irabu moja. Na kwa kuwa viambishi vya Kiswahili havitofautishi mume na mke, msikilizaji aliyechelewa kuingia ukumbini hatajua kama anayeliliwa ni mzee wa kiume au ni binti.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kosa liko katika umbo kuwa thabiti. Fomula ni mkongojo wa aliyefiwa: humsaidia kusema pale ambapo maneno yake mwenyewe yamekatika. Tena ina faida ya kisiasa. Tangu Tanzania irejeshe mfumo wa vyama vingi mwaka 1992, taazia imebaki miongoni mwa mahali pachache ambapo wabunge wa pande zote husema maneno yale yale bila kuzomeana. Mpinzani humlilia mpinzani wake kwa lugha ambayo hakuibuni yeye, na hivyo haimgharimu heshima.

Aidha, sanaa za jadi zinaonyesha kwamba umbo thabiti haliwi lazima umbo tupu. Kasala ya Waluba wa Kasai, iliyochunguzwa na Clémentine Faïk-Nzuji katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1974, nayo ina kanuni zake zinazorithiwa. Lakini msanii wa kasala hawezi kumlilia mtu yeyote tu. Lazima amjue kwa majina yake ya sifa, ukoo wake, watu aliotokana nao na matendo yao. Naye hawaoni walio hai kuwa hadhira tu: huwaita kwa majina yao pia, huwakumbusha wajibu wao, na pengine huwalaumu. Hapo umbo ni la wote, bali maneno ni ya mtu mmoja. Katika taazia ya Bunge mara nyingi umbo ni la wote na maneno pia ni ya wote.

3. Pengo na kiti

Katika fomula zote zilizotajwa, inayostahili kuchunguzwa zaidi ni ile ya pengo lisilozibika. Pengo, kwa matumizi ya kila siku, ni nafasi iliyoachwa na jino lililong'oka. Bungeni neno hili lina kinaya ambacho wasemaji wake hawakikusudii, kwa sababu sheria yenyewe inaamuru pengo lizibwe: uchaguzi mdogo huitishwa, au chama humteua mwingine ikiwa kiti ni cha viti maalumu. Kiti hakikai wazi. Kinachobaki wazi ni hoja za marehemu, na hizo ndizo zisizotajwa. Wahenga walisema: asiyekuwepo na lake halipo. Taazia ambayo ingepaswa kuipinga methali hiyo huishia kuitimiza.

Jambo hili linashangaza zaidi ukikumbuka mali iliyonayo Bunge. Mfiwa wa kawaida humkumbuka marehemu wake kwa picha, kwa nguo, kwa masimulizi ya jirani. Bunge peke yake lina kila neno alilosema mbele yake, pamoja na tarehe, swali, jibu la waziri na swali la nyongeza. Anayeandaa taazia hana haja ya kubuni sifa. Badala ya kusema marehemu alikuwa mtetezi wa wanyonge, angeweza kusoma swali lake kuhusu maji ya kijiji fulani na ahadi aliyopewa siku ile.

Kwa nini basi hasomi? Uvivu si jibu la kutosha. Sababu iko katika swali lenyewe: likisomwa tena, limeulizwa tena. Waziri aliyesimama kutoa pole angelazimika kueleza maji yamefika au hayakufika. Taazia yenye maneno ya marehemu ni swali la nyongeza, na muulizaji wake hawezi tena kuambiwa aketi. Sifa za jumla zinalikinga Bunge dhidi ya swali hilo. Zinamtukuza marehemu na wakati uo huo zinamwondoa ukumbini.

4. Mifano miwili

Kwamba lugha ya msiba inaweza kuwa fupi na bado ikawa na mtu ndani yake, inathibitishwa na tangazo la kifo cha Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine. Tarehe 12 Aprili 1984, akitoka Dodoma katika shughuli za Bunge kuelekea Dar es Salaam, Sokoine alifariki kwa ajali ya gari huko Dakawa, mkoani Morogoro. Rais Julius Nyerere aliwatangazia wananchi kwa redio siku ile ile. Hakutumia pigo wala pengo. Alimwita marehemu ndugu, kijana na mwenzetu, akaeleza safari ilikuwa ya kutoka wapi kwenda wapi, akasema gari limepata ajali na kwamba amefariki. Majina hayo matatu ni ya kawaida kabisa, lakini kila moja lina kazi yake: ndugu ni lugha ya siasa ya wakati ule na ya ukoo pia, kijana ni neno la mzee anayemzika aliye mdogo kwake, mwenzetu ni neno la kazi. Cheo hakikutangulia mtu. Tangazo lile si taazia ya Bunge, lakini linaonyesha kile ambacho Kiswahili kinaweza kufanya msemaji anapochagua neno badala ya kulichukua lilipo.

Mfano wa pili unatoka Kenya, na unaonyesha maombolezo yaliyokubali kuwa swali. Josiah Mwangi Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka Nairobi mwanzoni mwa Machi 1975. Maiti yake ilipatikana Ngong, naye alikuwa ameuawa. Bunge halikutosheka na rambirambi. Liliunda kamati teule chini ya uenyekiti wa Elijah Mwangale ili kuchunguza mauaji hayo. Ripoti ilipoletwa Juni 1975, Bunge liliikubali ingawa serikali ilipinga, na Waziri Masinde Muliro pamoja na mawaziri wadogo John Keen na Peter Kibisu, waliopiga kura pamoja na wabunge walioikubali, walifukuzwa kazi. Hakuna aliyehukumiwa kwa mauaji hayo. Hata hivyo, kama tendo la kumheshimu mfu, kura ile ina uzito ambao dakika ya kimya haina, kwa kuwa waliomkumbuka marehemu walilipa gharama ya kumkumbuka.

5. Mtihani wa mwaka 2008

Kuna taazia iliyo ngumu kuliko zote, nayo ni ya mtu ambaye Bunge lenyewe lilipata kumshitaki. Tarehe 7 Februari 2008, baada ya kamati teule iliyoongozwa na Harrison Mwakyembe kuwasilisha ripoti yake kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond, Waziri Mkuu Edward Lowassa alitangaza kujiuzulu ndani ya Bunge, huku akilalamika kwamba kamati haikumsikiliza. Spika wa siku hiyo alikuwa Samuel Sitta, aliyefariki Munich, Ujerumani, tarehe 7 Novemba 2016. Lowassa naye alifariki tarehe 10 Februari 2024, baada ya kugombea urais mwaka 2015 kwa tiketi ya upinzani na kurejea chama chake cha awali mwaka 2019. Kila upande uliwahi kumkumbatia na kila upande uliwahi kumkosoa.

Msemaji wa taazia ya mtu kama huyo hujiona ana njia mbili: ama kusahau siku ile, ama kuihukumu upya mbele ya wafiwa. Ya kwanza ni uongo wa adabu. Ya pili ni ukatili. Lakini Taarifa Rasmi inatoa njia ya tatu. Ndani yake yamo mashitaka ya kamati na malalamiko ya mshitakiwa, katika majadiliano ya siku zile zile. Kuyataja yote mawili, bila kuyatolea hukumu, si kumvunjia heshima marehemu. Ni kukiri kwamba alikuwa mtu mzima aliyesema na kujibiwa, na kwamba Bunge lililomlilia ndilo lile lile lililomhoji.

6. Hitimisho

Kwa msomaji wa Kongo suala hili lina upande wake. Mbunge wa Lubumbashi, Bukavu au Kisangani huagwa Kinshasa kwa Kifaransa, kisha huliliwa nyumbani kwa Kiswahili. Wanaomlilia nyumbani hawapati kusikia aliyoyasema kwa niaba yao. Juni 2022 jino la Patrice Lumumba, aliyechaguliwa mbunge mwaka 1960, lilirejeshwa kutoka Ubelgiji. Lilipitishwa hadi Shilatembo, karibu na Lubumbashi, alipouawa tarehe 17 Januari 1961, na likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Hapo neno pengo lilirudi katika maana yake halisi. Kilichorejeshwa kutoka mwilini kilikuwa kidogo mno. Maneno yake ndiyo yaliyosalia mengi.

Taazia ya Bunge haihitaji ufasaha zaidi, wala haihitaji kurefushwa. Spika angeweza kuendelea kusema maneno yale yale ya desturi, na dakika ya kimya ikaendelea kuwa dakika moja. Kabla ya kimya hicho lakini, asome swali moja la marehemu, kama alivyoliuliza, pamoja na jibu alilopewa. Baada ya hapo wabunge wasimame. Watakuwa wanajua wamesimama kwa ajili ya nani, na nini bado kinadaiwa.