Kutamalaki Mrima: Utenzi Usomwapo Msimbati

Wapenzi wa tenzi huutaja Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, kuwa ushahidi wa namna pwani ilivyopambana na Wajerumani. Sifa hiyo unaistahiki. Mtunzi aliishi zama za vita hivyo, akatunga kwa uchungu wa mtu aliyeona nchi yake ikitekwa. Hata hivyo, anayeusomea Msimbati, kwenye rasi iliyo karibu na mlango wa Mto Ruvuma, husimamishwa na jina lenyewe la utenzi.

Kutamalaki ni kuishika nchi ikawa milki. Shina hilo la Kiarabu ndilo lililokipa Kiswahili maneno miliki na mamluki, na mamluki kwa asili ni mtumwa, mtu aliyemilikiwa. Wadachi walipofika, pwani ilikuwa na mwenyewe. Tarehe 28 Aprili 1888, Sayyid Khalifa bin Said, Sultani wa Unguja, aliikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala wa pwani na ushuru wa forodha zake. Mkataba ulifika hadi Lindi na Mikindani, pwani ya Mgao, ambayo jina la utenzi haliitaji. Wenyeji hawakuulizwa. Walipoasi mwaka huohuo, mawakala wa Kampuni waliikimbia Mikindani. Mei 1890 majeshi ya Wissmann yakaitwaa. Kisha Ujerumani ikamlipa Sultani maki milioni 4, na pwani ikawa yake moja kwa moja.

Uchungu wa Hemedi, basi, ni wa haki. Lakini upo uchungu uliotangulia. Machi 1866 David Livingstone alishuka Mikindani akiwa na barua ya Sultani Majid ya kumlinda njiani. Mwezi Juni, akiwa safarini kuelekea bara kwa njia ya Ruvuma, aliandika katika shajara yake habari za mwanamke aliyekutwa amekufa, amefungwa shingo mtini. Wenyeji walieleza kwamba alishindwa kwenda sambamba na wenziwe, na bwana wake hakutaka apone awe mali ya mtu mwingine. Dola iliyotoa ile barua ndiyo iliyotoza ushuru kwa kila mtumwa aliyepitishwa forodhani Unguja.

Mwanamke yule hana ubeti. Hemedi halaumiwi kwa kutomjua. Yeye alikuwa mtu wa pwani ya Tanga, na maudhui yake ni vita. Linalopasa kuhakikiwa ni maana ya wenye nchi katika utenzi huo. Kina cha mwisho, kile cha bahari, hushika beti zote pamoja tangu mwanzo hadi mwisho, lakini jamii inayokusanywa humo ni ya waungwana waliopokonywa bandari na heshima. Waliokuwa mali kabla ya Wadachi hawapewi nafasi ya kusema ni nini walichopoteza mwaka 1888.

Wala wageni hawakuwa wakombozi wao. Mwaka 1873 Waingereza walimlazimisha Sayyid Barghash kufunga masoko ya watumwa. Lakini sheria ya 1897 ya Unguja na Pemba, iliyotolewa chini ya himaya yao, ilimtaka mtumwa aende mwenyewe kuuomba uhuru, na fidia akapewa bwana. Masuria waliachwa nje ya sheria hadi 1909. Wajerumani waliotangaza kwamba wanapiga vita utumwa hawakuufuta; Tanganyika ilingoja hadi 1922.

Utenzi huu haupungukiwi thamani kwa kusomwa hivi. Msomaji aliyekwisha kumlaani Mdachi pamoja na Hemedi anabakiwa na deni: kuuliza mkono uliotia saini ulikuwa wa nani, na waliouzwa pamoja na ardhi walikuwa kina nani. Mahali pazuri pa kuanzia kuuliza ni kusini, kwenye njia ya Ruvuma, alikoachwa mwanamke yule mtini.