Lahaja na Dansi katika "Pon de Replay"

Wimbo "Pon de Replay" ulitolewa mwezi wa Mei 2005, nao ndio uliomjulisha kwa ulimwengu Robyn Rihanna Fenty, binti wa Barbados aliyekuwa na umri wa miaka 17. Ulishika nafasi ya pili Marekani, na ya pili vile vile Uingereza. Wengi waliusikiliza kwa miguu tu, wala hawakuuliza ni lugha gani iliyokuwa ikiimbwa. Na hilo ndilo swali linalowahusu wanaochungua lugha.

Anwani yenyewe yafaa kutazamwa kwanza. "Pon" ni kihusishi kilichotokana na neno la Kiingereza lenye maana ya "juu ya", na "de" ni kibainishi cha jina. Kiingereza sanifu kingesema kwa kitenzi kwamba wimbo upigwe tena. Lahaja imeweka jina mahali pa kitenzi, kana kwamba Mswahili angetaka wimbo uwekwe "kwenye marudio". Ni muundo mwepesi wenye nguvu. Lakini si mali ya Barbados peke yake. Elephant Man, mwimbaji wa Jamaika, alitumia maneno hayo hayo mawili katika anwani ya wimbo wake "Pon de River, Pon de Bank" wa mwaka 2003. Alama za Barbados hasa, kama vile kutamka r hata mwisho wa neno na kufunga koo mahali pa t, hukaa kinywani mwa msemaji wala hazionekani katika maandishi. Anayesifu anwani hii kuwa ni Kibarbados halisi amepita kiasi.

Mdundo nao watoka kwa jirani. Huko Jamaika ni desturi ala zirekodiwe mara moja, kisha waimbaji wengi watunge juu yake, kila mmoja na maneno yake, karibu na vile washairi wetu wanavyoshirikiana bahari moja bila kuitwa wezi. Mdundo wa Diwali, uliotungwa na Steven Marsden aitwaye Lenky, uliwabeba hivyo Sean Paul na Wayne Wonder. "Pon de Replay" haukuuchukua mdundo huo wenyewe, bali umeufuata mwendo wake wa makofi. Spouge, mtindo uliozaliwa Barbados kwa juhudi za Jackie Opel katika miaka ya 1960, haumo hata kidogo.

Tena wawili kati ya watunzi wake wanne, Evan Rogers na Carl Sturken, ni Wamarekani. Hilo si kosa. Msomaji wa Muyaka anajua tofauti ya kukaa ndani ya Kimvita na kukivaa kama koti la sikukuu. Hapa beti ziko karibu sana na Kiingereza cha mjini Marekani, na lahaja imekusanywa zaidi katika kiitikio, mahali ambapo mgeni aweza kuifuata bila kuielewa.

Hata hivyo, kiitikio hicho ndicho kilichouokoa wimbo. Mwimbaji hasimulii mapenzi. Anamwita mpiga santuri na kumtaka azidishe sauti, kama manju wa ngoma anavyowahimiza wapiga ngoma wake. Maneno ni kazi, na sauti ya msichana ina ukavu unaokataa kubembeleza.

Kamau Brathwaite, mshairi wa Barbados, alidai mwaka 1984 kwamba usemi wa visiwa ni lugha ya taifa wala si Kiingereza kilichoharibika. Kwa kipimo hicho "Pon de Replay" una woga. Wimbo "Work" wa mwimbaji huyo huyo, uliotolewa mwaka 2016, umeimbwa kwa krioli nzito kiasi kwamba baadhi ya wasikilizaji waliuita upuuzi usio na maneno. Nao ulikaa juu kabisa Marekani kwa majuma tisa.