Jinsi Waingereza Walivyodai Makato Yao Benki

Kabla ya Julai 2007, Mwingereza mwenye madeni angeweza kuidai benki yake makato ya miaka kadhaa, na mara nyingi benki ikalipa kabla hakimu hajaketi. Kilichowasukuma watu ni hesabu ya kila mwezi. Malipo ya pauni 10 yanakuta salio halitoshi. Benki inayakataa, inamkata mteja zaidi ya pauni 30. Mshahara unaofuata unaingia na pengo, malipo mengine yanakwama, anakatwa tena. Anayehangaika na kadi mbili na kodi ya nyumba hawezi kupanga bajeti namna hiyo.

Hoja ya kisheria ilikuwa ya zamani. Tangu kesi ya Dunlop ya 1915, mahakama za Uingereza zilikataa kifungu cha mkataba kinachomtoza aliyeuvunja zaidi ya makadirio ya kweli ya hasara. Barua ya kumjulisha mteja kwamba malipo yamekataliwa, iliyochapwa na kompyuta, ilimgharimu nani pauni 30?

Dai lenyewe lilianza kwa mdai kuomba kumbukumbu zake chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 1998: pauni 10, na benki ilikuwa na siku 40 za kujibu. Alipitia taarifa za miaka 6, ukomo wa madai ya mkataba England na Wales, akiandika kila kato na tarehe yake. Kisha barua za madai, na zisipojibiwa, mahakama ya madai madogo, iliyopokea hadi pauni 5,000, pamoja na ombi la riba ya asilimia 8. Kujitetea kungeilazimu benki kueleza gharama zake halisi. Naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya benki kulipa kimyakimya.

Hatua iliyohitaji akili zaidi ilitangulia hizo zote: kufungua akaunti ya kawaida, isiyo na ovadrafti (ruhusa ya kutoa zaidi ya salio), katika benki nyingine isiyo ya kundi lile lile. Benki ina haki ya kuchukua fedha za mteja kufidia deni analodaiwa nayo. Fedha zikirejeshwa kwenye akaunti iliyo hasi, zinamezwa humo humo, na mshahara nao unafuata. Aliyehamisha mshahara mapema aliweza kulipa kwanza kodi ya nyumba, ushuru wa manispaa na umeme, halafu akagombana na benki akiwa ametulia.

Julai 2007 Ofisi ya Biashara ya Haki ilifungua kesi ya mfano dhidi ya benki saba na chama kimoja cha mikopo ya nyumba, na madai mengi yakasimamishwa. Tarehe 25 Novemba 2009 Mahakama ya Juu iliamua kwamba makato ni sehemu ya bei ya huduma nzima ya akaunti, na kanuni za 1999 kuhusu masharti yasiyo ya haki katika mikataba ya walaji hazikuruhusu kuipima bei hiyo kwa kuilinganisha na huduma. Kwa maneno ya kanuni, hukumu inaeleweka. Lakini makato hayo yalikuwa zaidi ya asilimia 30 ya mapato ya benki kutoka akaunti za watu binafsi, na hilo linaniuma: waliokwama ndio waliogharimia akaunti za bure za waliotulia.

Aprili 2020 ada zisizobadilika za ovadrafti zilipigwa marufuku, na benki nyingi kubwa zikaweka riba ya karibu asilimia 40 kwa mwaka. Anayezidisha siku mbili tatu amepona. Anayeishi ndani ya ovadrafti mwezi hadi mwezi bado analipa sana.