Kura na Maoni: Juu ya Kuhesabu Sauti na Kuzionyesha

Kiswahili kina usemi mmoja, kura ya maoni, unaobebeshwa mizigo kadhaa. Hutumiwa kwa uamuzi wa taifa zima juu ya katiba, kwa uchunguzi wa mtafiti anayewauliza watu mia chache, na huko Tanzania hata kwa uteuzi wa wagombea ndani ya chama. Kifaransa hutenga mambo hayo kwa maneno tofauti; Kiswahili huyaweka katika kapu moja. Si kosa la lugha, bali ni mwaliko wa kuyatazama kwa makini maneno mawili yaliyofungwa pamoja.

Kura, neno lililotoka Kiarabu, mwanzoni ni bahati inayotupwa ili ichague mahali pa watu. Wasomaji wa Biblia wanakumbuka kwamba Mathiya aliingia katika hesabu ya mitume kwa kupigiwa kura, wala hakuna aliyeulizwa sababu. Maoni, kwa upande wake, ni mwana wa kitenzi kuona: ni kile ambacho mtu anakiona kutoka pale aliposimama. Kura ni bubu, nayo huhesabika. Maoni husema, nayo hayahesabiki kwa urahisi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba pale jamii inapoulizwa, ugomvi wa maneno haya mawili huwa ni ugomvi wa kweli, na kwamba anayepanga swali na kuamua majibu yaonyeshwe vipi ana uwezo mkubwa kuliko wanaojibu. Mifano mitatu itachunguzwa: miwili ya siasa na mmoja wa utafiti.

1. Hesabu ya mwaka 1990

Mwezi wa Januari 1990, Rais Mobutu alitangaza kwamba wananchi wa Zaire wataulizwa juu ya mwenendo wa nchi. Mashauriano hayo yalizaa maandishi mengi. Watumishi wa serikali, wanafunzi, mashirika na watu binafsi waliandika memorandumu. Maaskofu Wakatoliki walitoa yao mwezi wa Machi. Tarehe 24 Aprili 1990, katika hotuba ya N'Sele, taifa lilipewa matokeo: memorandumu 6,128 zilipokelewa, kati yake 5,310, yaani asilimia 87, zilitaka mageuzi ndani ya chama cha MPR, na 818, yaani asilimia 13, zilitaka vyama vingi. Baada ya kusema hayo, Rais alitangaza mwisho wa chama kimoja na kuruhusu vyama vitatu.

Mhakiki wa matini anapoisoma hesabu hiyo hana budi kuuliza kwanza: kilichohesabiwa ni nini? Si watu. Memorandumu ni karatasi. Waraka ulioandikwa na mtu mmoja usiku, na waraka uliotiwa sahihi na kundi zima la wafanyakazi, kila mmoja ni moja. Maaskofu wote kwa pamoja ni moja. Hivyo asilimia 87 haikuwa asilimia ya Wazaire, wala hata ya Wazaire walioandika. Ilikuwa asilimia ya bahasha. Lakini ilipotamkwa mbele ya taifa, ilisikika kama sauti ya watu.

La pili ni kwamba hakuna memorandumu inayosema jambo moja tu. Mtu aliyepewa nafasi ya kuandika baada ya miaka mingi ya kunyamaza huandika juu ya mshahara, shule, barabara, dawa na mahakama, na pengine mwishoni hugusa suala la vyama. Kuyagawa maandishi ya namna hiyo katika mafungu mawili ni kazi ya tafsiri, wala si kazi ya hesabu. Aliyegawa ndiye aliyeandika jibu. Anayetaka "mageuzi ya kina" katika chama anaweza kuwa mtiifu. Anaweza pia kuwa mwoga anayetafuta njia ya adabu ya kusema kwamba chama hicho kimekwisha. Hesabu haiwezi kuwatofautisha watu hao wawili. Maneno yao yangeweza.

La tatu, na ndilo zito zaidi, ni kwamba hotuba ilitoa hesabu bila maneno. Waraka wa maaskofu ulijulikana kwa sababu ulisambazwa kwa njia nyingine. Maelfu ya waandishi wengine hawakuweza kuona kama sentensi zao zilisomwa, wala kulinganisha walichosema na alichosema jirani. Pengine ndiyo maana, Mkutano Mkuu wa Taifa ulipofunguliwa mwezi wa Agosti 1991, watu walikaa karibu na redio na televisheni kwa hamu kubwa. Zaidi ya wajumbe 2,800 walikuwa na mengi ya kusema, na mengine yalikuwa maneno matupu. Lakini safari hii maneno yenyewe yalisikika, kila moja na mwenyewe.

2. Hesabu iliyopingwa na sababu

Wakati huohuo, ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilikuwa na swali lilelile. Tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali mwaka 1991 ilipokea maoni ya watu zaidi ya 36,000. Kiasi cha asilimia 77 walitaka mfumo wa chama kimoja uendelee. Kiasi cha asilimia 21 walitaka vyama vingi. Tume ilipendekeza vyama vingi, na mwaka 1992 sheria ikabadilishwa.

Kwa mtazamo wa haraka, mambo ya Kinshasa na ya Dar es Salaam ni pacha: wengi walisema hili, likafanyika lile. "Wengi wape," husema methali, na hapa wengi hawakupewa. Tofauti ipo katika namna ya kuonyesha. Tume ya Nyalali ilitoa taarifa yake kwa Kiswahili, katika vitabu, ikieleza kwa nini haikuifuata hesabu. Ilionyesha kwamba wengi kati ya waliotaka chama kimoja walitaka pia mabadiliko makubwa ndani yake, na kwamba mabadiliko hayo yenyewe yalikuwa yanaelekea kwenye mfumo mwingine. Msomaji anaweza kukataa hoja hiyo. Anaweza kusema kwamba wakubwa walikuwa wameamua kabla ya kuuliza. Lakini ana kitu cha kukataa: sababu iliyoandikwa, kwa lugha anayoielewa, kando ya tarakimu. Katika hotuba ya N'Sele, tarakimu na uamuzi vilikaa pamoja bila daraja lililojengwa kwa maneno ya walioulizwa.

3. Maneno bila hesabu

Mfano wa tatu unatoka Lubumbashi. Mwaka 1986 mwanaanthropolojia Johannes Fabian alisikia usemi wa Kifaransa, "Le pouvoir se mange entier", uliotamkwa mezani juu ya firigisi ya kuku. Alitaka kujua maana yake. Njia ya kawaida ingekuwa kuandika hojaji na kuwauliza watu mia: unaujua usemi huu? ni wa kabila gani? unakubaliana nao? Badala yake, swali liliwafikia waigizaji wa kundi la Mufwankolo, waliojulikana katika jimbo zima. Wao walijadiliana, wakapingana, kisha wakatunga mchezo. Kitabu kilichozaliwa na tukio hilo, Power and Performance, kilichapishwa mwaka 1990, mwaka uleule wa zile memorandumu, nacho kinaweka maneno ya waigizaji mbele ya msomaji kwa Kiswahili chao cha Shaba, jina la Katanga wakati ule, pamoja na tafsiri.

Ubora wa njia hiyo unaonekana katika neno moja tu. Mwenye hojaji ingembidi achague namna ya kutafsiri "pouvoir" kabla hajamwuliza mtu yeyote. Angeandika uwezo? nguvu? mamlaka? utawala? Au, kama watu wa Lubumbashi wasemavyo, bukubwa? Kila neno lingeleta jibu lake. Nguvu inaweza kuliwa nzima na mtu mmoja bila kumshangaza yeyote. Mamlaka yakiliwa nzima ni dhuluma. Bukubwa wa mzee mbele ya sahani ya kuku ni heshima tu. Swali moja katika maneno matano ni maswali matano. Waigizaji walipoachwa waseme, walichagua wenyewe, na uchaguzi wao ndio uliokuwa jibu.

Hata hivyo kitabu hicho hakistahili sifa peke yake. Kimeandikwa kwa Kiingereza. Msomaji wa Lubumbashi aliyesoma kwa Kifaransa anaweza kuyafuata maneno ya Mufwankolo na wenzake, lakini hukumu ya mwanachuoni juu ya maneno hayo inampita. Waliojibu wanaonekana mbele ya watu wao. Aliyeuliza amejificha nyuma ya lugha nyingine. Tena, kundi la waigizaji si mji. Ni watu wenye kipawa cha kusema, waliozoea jukwaa. Mama anayeuza makala sokoni, mfanyakazi wa mgodi aliyestaafu, mwanafunzi asiyependa kusimama mbele ya watu: hao hawamo. Maneno yaliyoonyeshwa bila hesabu yoyote yana hatari yake: mwenye sauti kubwa huonekana kuwa wengi. "Penye wengi hapaharibiki neno," lakini ni lazima kwanza ijulikane kama wengi wapo.

4. Somo kwa watafiti wa Kiswahili

Wanafunzi wengi wanaofanya kazi za kumalizia shahada hupita mitaani na hojaji, kisha hurudi na jedwali: asilimia fulani wanapenda Kiswahili sanifu kifundishwe, asilimia fulani hawapendi. Jedwali hukaa katikati ya kazi. Maneno ya watu hutupwa, au hutiwa mawili matatu kwenye kurasa za mwisho baada ya kusahihishwa. Mifano mitatu hapo juu inadai desturi nyingine.

Kwanza, swali lenyewe lichapishwe kama lilivyoulizwa, katika lugha lililoulizwa. Swali lililoandikwa kwa Kifaransa na kutamkwa kwa Kiswahili cha mtaani si swali lililomo katika jedwali. Pili, mwenye kujibu apewe nafasi ya kusema "sijui" na nafasi ya kusema "swali halikukaa vizuri". Majibu ya namna hiyo yahesabiwe kama mengine, maana mara nyingi ndiyo yanayofundisha zaidi. Tatu, ijulikane kinachohesabiwa: ni watu, nyumba au karatasi? Nne, hesabu isitangazwe kabla ya kufungwa, kwa kuwa anayeona upande unaoshinda huvutwa nao au huona haya kuupinga. Tano, maoni yapangwe kwa utaratibu usiotegemea cheo, kama vile tarehe, ili neno la profesa lisitangulie neno la fundi kwa sababu ya cheo tu. Sita, maneno yasisahihishwe. Aliyesema "batu" asiandikwe "watu". Kumsahihisha mtu katika maoni yake ni kumwambia kwamba alikosea kuona.

Mtu anaweza kupinga akisema kwamba taifa haliwezi kusoma maneno ya kila raia. Ni kweli. Katika kura ya tarehe 18 na 19 Desemba 2005, Wakongo waliulizwa juu ya rasimu ya katiba, ambayo ilikuja kutangazwa mwezi wa Februari 2006 ikiwa na vifungu 229, nao walijibu kwa neno moja, ndiyo au hapana. Kiasi cha asilimia 84 walisema ndiyo. Hapakuwa na njia nyingine ya kuamua. Lakini "ndiyo" hiyo haielezi ni kifungu gani kilichopendwa. Kifungu cha 1, kinachokitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa pamoja na Kikongo, Kilingala na Kiluba, kilipata kura zilezile kama kile cha 229. Haiwezekani kudai kutokana na hesabu hiyo kwamba asilimia 84 ya Wakongo wanakitaka Kiswahili. Anayetaka kujua hilo hana budi kwenda kuuliza tena, na kusikiliza jibu hadi mwisho.

Hitimisho

Kura huamua, maoni hueleza. Jamii inahitaji yote mawili, na kila mojawapo huwa na madhara likiachwa peke yake. Hesabu ya 1990 ilichukua maneno ya maelfu na kurudisha tarakimu tatu. Tume ya Nyalali iliweka sababu kando ya tarakimu, ikajiweka wazi mbele ya wapinzani wake. Kitabu cha Fabian kiliyaonyesha maneno, kikaacha bila jibu suala la wangapi. Idara za Kiswahili, ambazo kazi yake ni maneno, zinaweza kuanza na jambo dogo: kila jedwali litakalowekwa katika kazi ya mwanafunzi liambatane na majibu yote, jinsi yalivyosemwa, ili msomaji wa kesho aweze kuhesabu upya.