Uso Uliofura

Kuna fundi mmoja ambaye siishi hamu ya kumtazama anapogandua daraja la gitaa la besi la akustika. Anapasha kisu chembamba joto, anakipenyeza taratibu chini ya daraja, anangoja gundi ilegee. Haraka haitakiwi: akilazimisha, uso wa gitaa utang'oka vipande pamoja na daraja. Uso wenyewe umefura kama andazi. Nyuzi nne nene zimeuvuta miaka na miaka kwa nguvu inayozidi kilo 60, na mbao ile ilichongwa nyembamba makusudi, maana nene haiimbi.

Hata hivyo kasoro kubwa ya gitaa hili ni udogo wake. Uzi wa chini kabisa hutetema mara 41 kwa sekunde, na wimbi lake hewani lina urefu wa mita 8 hivi. Sanduku la kupakatwa litalisukuma vipi? Aliyekaa karibu na besi kubwa ya kusimama katika taarab ya Unguja anajua tumbo linalohitajika, na hata hilo hulemewa na noti za chini.

Ernie Ball wa California hakukwepa hesabu hiyo. Alianzia kwenye guitarrón ya Meksiko, lile gitaa nene la mariachi, na pamoja na George Fullerton, aliyewahi kufanya kazi kwa mtengenezaji wa magitaa Leo Fender, akatoa gitaa la Earthwood mwaka 1972. Kina chake kilikuwa inchi 8 hivi. Kulipakata ni kama adhabu. Kazi ya kulitengeneza ilisimama 1974, ikarejea, ikakoma 1985. Brian Ritchie wa bendi ya Violent Femmes alilipiga katika albamu yao ya kwanza, 1983, na humo mbao inasikika.

Mimi nalipenda kwa ukaidi wake. Watengenezaji waliofuata walipunguza kina, wakatia kinasa sauti chini ya daraja na betri ya volti 9 ubavuni, kazi yote wakaiachia spika. Ukiongeza sauti, uso mwembamba unatetemeshwa na spika ileile, unairudishia, mpaka mluzi unatoboa masikio. Dawa yao ni kizibo cha mpira kwenye tundu. Mbao imekwanguliwa kwa subira ili iimbe, halafu inazibwa mdomo! Viwanda vingi vikaona afadhali plaiwudi, isiyofura upesi wala kumpa fundi kazi.